Kuchukua, Kubeba na Jina la Kariakoo

Mtu aingiaye Kariakoo asubuhi kwa Mtaa wa Kongo hana nafasi ya kusimama akatafakari. Nyuma yake yuko mwenye mzigo apigaye kelele ili apishwe. Mbele yake umekwama mkokoteni uliosheheni marobota ya nguo. Ubavuni pake apita mama aliyemweleka mtoto, mkononi ameshika kikapu, na kichwani amejitwika furushi. Mwingereza akitakiwa aeleze wanayoyafanya watu hawa, atatumia tendo moja tu, nalo ni "carry". Mama huyo, kwa Kiingereza, atakuwa ametenda tendo hilo mara tatu kwa wakati mmoja, na mkokoteni nao utakuwa umelitenda. Mswahili hana budi kutumia maneno mengi zaidi, kwani kueleka si kushika, na kushika si kujitwika, wala hapana hata moja katika hayo liwezalo kusemwa juu ya mkokoteni.

Tofauti hiyo yajulikana na kila mwanafunzi aliyewahi kufasiri ukurasa mmoja kutoka lugha moja kwenda ya pili, na kama ingekuwa ndiyo yote, isingestahili makala. Lakini Kariakoo si mahali pa kutolea mfano tu. Jina lenyewe la mtaa huu limezaliwa na tendo hilo la Kiingereza, na katika kuzaliwa kwake limeacha nyuma swali ambalo kamusi hazijalijibu wala wafasiri hawajalitazama sawasawa: mtu aliyetenda tendo hilo aitwe nani kwa Kiswahili?

Habari ya jina ni hii. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika ya Mashariki mwaka 1914, Waingereza waliunda kikosi cha watu wa kuchukua mizigo ya jeshi, wakakiita kwa lugha yao Carrier Corps. Mkuu wake alikuwa Oscar Ferris Watkins. Majeshi ya Waingereza yaliingia Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, na kikosi hicho kikapiga kambi katika uwanda ulio upande wa magharibi wa Mnazi Mmoja, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamekusudia kuweka mji wa Waafrika pamoja na soko lake. Watu wa mji walilisikia jina la kikosi wakalitamka kwa ulimi wao. Neno la kwanza likawa "karia". La pili, ambalo Waingereza huliandika kwa herufi tano na kuzinyamazisha mbili za mwisho, likawa "koo". Nairobi nako uko mtaa wa asili hiyo hiyo, nao huandikwa Kariokor. Huko herufi za Kiingereza hazikukubali kuachia yote.

Yafaa kulitazama tendo hilo la Kiingereza katika asili yake kabla ya kulilinganisha na ya Kiswahili. Neno "carry" si la kale miongoni mwa Waingereza. Liliingia kwao kutoka kwa Wafaransa wa kaskazini baada ya Wanormani kuitawala Uingereza, na mzizi wake wa mbali ni neno la Kilatini "carrus", maana yake gari la magurudumu, ambalo Warumi nao walilipata kwa Waselti. Neno gari la Kiswahili limetoka India, kwa hiyo mfanano wa sauti usimdanganye mtu. Waingereza walikuwa na tendo lao la zamani la kuchukua mzigo, yaani "bear", na hilo ndilo lililo jamaa na maneno yao ya mzigo na ya uzazi. Lakini "carry" likalisukuma "bear" pembeni katika kazi za kila siku, likaliachia mambo mazito: kuvumilia, kuzaa, kushuhudia. Ama neno la pili katika jina la kikosi, hilo latokana na neno la Kilatini la mwili, na neno la Kiingereza la maiti ni ndugu yake wa tumbo moja.

Kwa hiyo jina la kikosi, likichambuliwa hadi mizizi, lina gurudumu upande mmoja na mwili upande wa pili. Na habari za kikosi chenyewe ni habari za mwili kuwekwa mahali pa gurudumu. Katika sehemu kubwa za nchi farasi, punda na ng'ombe walikufa kwa kuumwa na mbung'o. Masika yaligeuza njia kuwa matope yasiyopitika kwa gari. Na adui alirudi nyuma siku zote, akiwavuta wanaomfuata mbali na reli. Kilichobaki ni kichwa na bega la mtu. Nayo hesabu ya kichwa cha mtu ni kali. Tuseme mchukuzi ana ratili 50 za unga, naye akila ratili 2 kwa siku: katika siku 25 atakuwa ameumaliza mzigo wote kwa tumbo lake mwenyewe, bila kumfikishia askari hata kibaba. Na kwa kuwa hana budi kurudi alikotoka, hawezi kwenda mbali zaidi ya siku 12 pasipo kuwapo mchukuzi mwingine wa kumlisha. Ndiyo sababu hesabu ya watu ilipanda upesi kuliko hesabu ya bunduki, na kufikia mwaka 1917 watu wakaandikwa kwa nguvu vijijini. Wanahistoria hukadiria ya kwamba walioandikwa upande wa Waingereza, pamoja na wale wa muda mfupi, walifikia kama milioni moja, na kwamba waliokufa walizidi 90,000, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu kuliko kwa risasi. Wajerumani nao walikusanya watu kwa maelfu kwa kazi hiyo hiyo.

Hayo yakiisha kujulikana, mwanafunzi na afungue kamusi. Desturi ya kamusi za Kiingereza na Kiswahili, tangu ile ya Madan ya mwaka 1894, kupitia ile ya Johnson ya mwaka 1939, hata ile ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya mwaka 1996, ni kuliweka neno la Kiingereza kichwani na kupanga maneno ya Kiswahili chini yake. Kazi hizo zina heshima yake, wala hapana mwanafunzi asiyekuwa na deni kwazo. Walakini mpango huo, hasa kwa neno kama hili, hulifanya tendo la Kiingereza kuwa baba na maneno ya Kiswahili kuwa watoto wake, kana kwamba kueleka, kupakata na kujitwika ni namna mbalimbali za jambo moja ambalo Kiingereza peke yake ndicho kilichopata kulitaja. Msemaji wa Kiswahili hafikiri hivyo. Yeye hana jambo moja analoligawanya. Ana maswali anayoyauliza kabla ya kufungua kinywa, na jibu la kila swali humpa neno lake. Maswali hayo ni matatu.

Swali la kwanza ni la mwili: mzigo umekaa wapi? Mtoto akiwa mgongoni au nyongani, ameelekwa, na nguo imfungayo ni mbeleko. Akiwa mapajani amepakatwa. Fedha iliyokunjwa katika upindo wa nguo kiunoni imefutikwa. Mzigo wa kichwani umetwikwa, na chini yake pana ngata. Ndoo mbili zilizoning'inia kwenye ncha za mti mmoja begani ni mzegazega. Mzigo wa watu wawili huenda kwa mpiko. Mgonjwa huenda kwa machela. Mzigo wa begani hupagazwa, na aupagaaye ni mpagazi. Jambo la ajabu katika neno hili la mwisho ni kwamba pepo naye humpagaa mtu, na mtu huyo akasemwa kuwa amepagawa. Lugha imeona ya kwamba aliyekaliwa na pepo na aliyekaliwa na mzigo wana shingo moja: wote wawili huenda wasikotaka. Mfasiri wa Kiingereza hawezi kuyatia hayo mawili katika neno moja hata akijaribu mchana kutwa.

Swali la pili ni la hatua: mzigo umefika wapi katika safari yake? Kutwika ni kumsaidia mwenzako kuuweka kichwani. Kujitwika ni kuuweka mwenyewe, na mtu ajitwikaye mzigo mkubwa bila msaada hutazamwa kwa macho mawili, la sifa na la hofu. Kutua ni kuuweka chini kwa utaratibu, na kutokana na neno hilo limepatikana kituo, mahali misafara ilipopumzika, hata leo ambapo basi husimama. Kubwaga ni kuutupa chini kwa kuchoka au kwa furaha ya kufika; na yasimuliwa ya kwamba mji wa Bagamoyo ulipata jina lake kwa wapagazi kubwaga mioyo yao pamoja na mizigo. Kupokea nako ni sehemu ya adabu: mtoto aliyelelewa vema hukimbia kumpokea mzee mzigo kabla hajaamkia. Kiingereza, ambacho tendo lake lilianzia kwenye gari, hakina haja ya kueleza hatua hizi kwa neno mojamoja, kwa maana gari halitwikwi wala halipokewi mzigo kwa heshima. Hupakiwa, likaenda, likapakuliwa.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote: anayeuchukua mzigo anauchukuaje katika nafsi yake? Hapa ndipo lilipokuwa limetawala neno kuchukua. Katika Kiswahili cha wazee, nacho hakijafa, nguzo huchukua paa. Soko la Kariakoo lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 lilikuwa na paa la zege lenye umbo la miavuli, na kila mwavuli ulichukuliwa na shina lake. Hapakuwa na neno jingine lililofaa kuliko hilo. Mwanamke huchukua mimba. Kijana mwema huwachukua wazee wake, maana yake huwalisha na kuwavika. Nguo ikimkaa mtu vizuri, imemchukua. Majirani wenye tabia zisizolingana huchukuliana, na hapana ndoa idumuyo pasipo kuchukuliana. Neno moja lilitoka begani likafika katika subira bila kukatika njiani. Lugha ya Kiarabu ilileta ushahidi wa namna hiyo hiyo, kwani hamali, kuhimili na kustahimili ni maneno ya mzizi mmoja, na mzizi wenyewe ni wa kuchukua mzigo.

Sasa yaonekana kilichopotea. Katika usemi wa leo, hasa wa mijini, kuchukua kumesogea upande wa kutwaa. Kijana wa leo akiambiwa "chukua kitabu" hafikiri safari ya kitabu; hufikiri mkono uendao kukitwaa. Na mahali pa kuchukua pameingiwa na kubeba, neno ambalo kamusi za zamani huliweka karibu na mtoto na mgongo wa mama yake. Leo hubebwa saruji, hubebwa friji, hubebwa mananasi. Wako wanaolalamika juu ya jambo hili kana kwamba ni uvivu wa vijana. Malalamiko hayo si ya haki. Soko lina sababu zake. Mwenye duka aliyetoka mkoani, akiwa ameketi akihesabu fedha, akaambiwa, "Kijana amechukua mzigo wako," atasimama kwa hofu, asijue kama mzigo uko njiani kwenda kwenye basi au umekwenda na mwizi. Neno lenye maana mbili za namna hiyo haliwezi kutumika mahali ambapo mali ya mtu huondoka mbele ya macho yake mara kumi kwa siku. Yaelekea watu wa sokoni, kama watu wa bandarini na wa stesheni, walilihitaji neno lisilo na wizi ndani yake, na neno la mama na mtoto lilikuwa safi kupita yote. Hivyo kubeba kulikua kwa haja, si kwa uvivu.

Na lilipokua, lilichukua pamoja nalo kumbukumbu ya mgongo wa mama. Wapenzi wa mpira, ambao timu zao mbili kubwa zina makao katika mitaa hiyo ya Kariakoo na Jangwani, hutaniana kwamba timu ya mwenzao inabebwa, na mtu akitaka kuzidisha dhihaka husema kwamba imepewa mbeleko. Hapa Kiswahili kimetunga usemi wake chenyewe. Methali nayo yasema, abebwaye hujikaza. Na wale watani wakiujibu utani kwa methali hiyo, wanakiri dhihaka na kuigeuza katika pumzi moja. Hata kubeba kombe ni usemi mzuri, kwa sababu washindi kweli hulinyanyua kombe wakalizungusha uwanjani.

Ubaya uko mahali pengine, nao ndio unaostahili kukemewa na mhakiki. Tendo la Kiingereza, kwa kuwa lilianza na gari lisilo na nafsi, liliweza kupewa kila kitu: wimbo na ujumbe, mbu na ugonjwa, duka na bidhaa, mkutano na hoja. Mfasiri mwenye haraka, akiisha kujifunza kwamba "carry" ni kubeba, huyamimina yote hayo katika Kiswahili. Ndipo husomwa magazetini kwamba wimbo umebeba ujumbe, ingawa ingetosha kusema kwamba una ujumbe. Kwamba mbu hubeba malaria, hali msomaji ataka kujua kwamba mbu huambukiza malaria. Kwamba kikao kimebeba ajenda tatu, kana kwamba kikao kina kichwa na ngata. Hoja mkutanoni hupita, haibebwi. Sauti ya mwadhini hufika mbali, wala haina haja ya kubeba kitu. Usemi mmoja wa namna hii hauiui lugha. Lakini zikiwa mia, msomaji huanza kuona mizigo mahali isipokuwapo, na akifika mahali ulipo mzigo wa kweli hautambui tena.

Na mzigo wa kweli uko juu ya mtu. Historia ya majina ya mtu huyu ni historia ya kushushwa kwake. Katika misafara ya karne ya 19 aliitwa mpagazi, na jina hilo halikuwa la aibu. Wanyamwezi walilibeba kwa fahari. Kwao safari ya pwani ilikuwa kazi ya wanaume waliokomaa. Methali iliyobaki, mzigo mzito mpe Mnyamwezi, yaweza kusomwa kama sifa, na yaweza kusomwa kama dharau, kwa kadiri ya kinywa kinachoisema. Na hata leo uko Kariakoo Mtaa wa Nyamwezi ambapo watu wa makabila yote hupita na mizigo yao. Mijini pwani aliitwa hamali. Bandarini aliitwa kuli, neno la asili ya Kihindi lililoenezwa katika bandari za Waingereza, nalo lilikuja likiwa tayari limejaa dharau. Adam Shafi alilichagua neno hilo kuwa jina la riwaya yake iliyochapwa mwaka 1979, yenye kuhusu watu wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa mwaka 1948. Hapo alifanya jambo ambalo kamusi haiwezi kulifanya. Alilichukua jina la tusi, akaliweka juu ya jalada, kisha akampa kuli wake jina, nyumba, mama na hasira, hata msomaji akifunga kitabu haliwezi tena neno lile kulisema kwa urahisi aliokuwa nao alipokifungua.

Jina ambalo lingefaa kupita yote, mchukuzi, lina bahati mbaya ya namna yake. Kwa kuwa kuchukua kumehamia kwenye kutwaa, mchukuzi wa sokoni haitwi tena hivyo. Huitwa mbeba mizigo, au kuli, au kwa kazi yake hana jina kabisa bali huitwa kwa mluzi. Uchukuzi wenyewe umepanda cheo. Umeingia katika jina la wizara ya serikali, unahusika na reli, meli, malori na ndege. Hivyo neno lililotoka begani mwa mtu limerudi kwenye gurudumu, njia ile ile iliyofuatwa na neno la Kiingereza, ila kwa kinyume: Waingereza walilitoa garini wakalitia mtu kichwani, na Waswahili wamelitoa mtu begani wakalitia garini. Na katika safari zote mbili aliyeachwa njiani ni mtu yule yule.

Ushahidi wa jambo hili waweza kuonwa kwa macho katika Dar es Salaam yenyewe. Mwendo mfupi kutoka Kariakoo, katika Mtaa wa Samora, imesimama Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927. Chini yake pana maneno ya ukumbusho yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yakaandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Nayo huwakumbuka askari waliopigana na wachukuzi pia, ambao hufananishwa na miguu na mikono ya jeshi. Mfano huo una huruma, wala si haki kuukataa wote. Lakini una kasoro mbili. Ya kwanza, miguu na mikono ni viungo vya mwili ambao kichwa chake kiko mahali pengine. Na mtu aliyepita na ratili 50 juu ya ngata angeshangaa kuambiwa kwamba kiungo alichokosa ni kichwa. Ya pili, maneno yanawataja wachukuzi, bali sanamu iliyo juu haiwaonyeshi. Aliyesimama juu ana bunduki. Yeye hana furushi, hana ngata, hana mpiko. Msomaji ajuaye kusoma atawakuta wachukuzi. Mtazamaji asiyesoma, akimwinulia macho aliyesimama juu, hatawaona. Na hao waliochukua mizigo ya vita walikuwa wengi wasiojua kusoma.

Yaweza kupingwa ya kwamba Kariakoo lenyewe ni sanamu yao, tena kubwa kuliko ile ya shaba. Hoja hii ina nguvu kidogo, wala haifai kupuuzwa. Hapana askari wa vita ile ambaye jina la kikosi chake hutajwa mara nyingi kwa siku kama litajwavyo jina hili. Lakini jina hukumbusha pale tu maana yake isikikapo. Mswahili asemapo Kariakoo hasikii ndani yake tendo lolote. Husikia bei, msongamano, vitambaa, dagaa na vipuri. Zaidi ya hayo, soko lenyewe, lililoungua mwezi wa Julai 2021, limefundisha ya kwamba hata jengo la zege halidumu kwa kusimama tu. Hudumu kwa watu kulitaka. Jina nalo ni vivyo hivyo. Nchi za Wanyasa, ambako watu walioandikwa kwa kazi hiyo hiyo waliitwa tenga-tenga, zimebaki na jina lenye tendo lao ndani yake, kwani kwa Kichewa kutenga ni kuchukua. Msemaji wa lugha hiyo hahitaji mwalimu wa kumwambia watu hao walifanya nini. Msemaji wa Kiswahili amhitaji.

Ndiyo sababu uchaguzi wa neno katika kufasiri historia hii si jambo dogo la kuwachekesha wanasarufi. Vitabu na insha za wanafunzi huandika mara "Jeshi la Wabebaji", mara "Kikosi cha Wapagazi", mara huacha Kiingereza kama kilivyo. La kwanza ni Kiswahili cha soko la leo kilichorudishwa nyuma miaka mia. Nalo lina kasoro nyingine, kwamba lilizaliwa kwa kutazama kamusi. La pili ni karibu na ukweli, ila lawarudisha watu hao katika misafara ya biashara ambako mpagazi alipatana ujira wake kabla ya kuondoka na aliweza kugoma njiani; mtu aliyeandikwa kwa nguvu mwaka 1917 hakuwa na uhuru huo. La tatu ni kukimbia kazi. "Kikosi cha Wachukuzi" ndilo jina litoshalo. Neno mchukuzi lilikuwa hai wakati huo. Lina mzigo wa bega na lina subira. Na hata ile maana mpya ya kutwaa hailiharibu, kwa maana watu hao walichukua na pia walichukuliwa, wakatwaliwa majumbani mwao wakati wa kilimo, na wengi hawakurudishwa.

Kwa watunga kamusi, funzo ni jepesi kulisema na gumu kulitenda. Chini ya neno kama "carry" isipangwe safu ya visawe kama askari kwenye gwaride. Yaulizwe yale maswali matatu, yaani mahali mwilini, hatua ya safari, na hali ya mwenye kuchukua, na kila neno la Kiswahili liwekwe chini ya swali lake, pamoja na sentensi moja inayoonyesha mahali lisipofaa. Mwanafunzi atakayefundishwa hivyo hatamwandikia mwalimu kwamba wimbo umebeba ujumbe, na atakapokuta katika kitabu cha vita maelfu ya watu walio "carriers", atasimama kidogo kabla ya kuandika.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kiingereza kilipotumia tendo la gari kwa kichwa cha mtu, kililiona kanda hilo kuwa jepesi. Na Kiswahili kitumiacho neno moja kwa kila mzigo kiko njiani kuliona vivyo hivyo. Katika Mtaa wa Kongo, mwenye mzigo bado anapiga kelele apishwe. Anayempisha ana maneno ya kutosha katika lugha yake ya kueleza kazi ya mtu yule, kama atapenda kuyatumia.